Dumuzi na Adui Aliyelala Kabatini

Historia ya uhifadhi wa nafaka katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma ina mpaka wake, nao ni mwanzo wa miaka ya 1980. Kabla ya hapo mahindi yaliwekwa na maganda yake kwenye kihenge au darini juu ya jiko. Moshi ulifanya kazi yake, fukusi walikula sehemu yao, na kaya ilivuka hadi mavuno mengine. Baada ya hapo watu walianza kupukuchua mapema, kuchanganya mahindi na dawa ya unga na kuyafungia maguniani. Aliyeleta mageuzi hayo ni mdudu mmoja, dumuzi, ambaye baadhi ya wakulima walimpachika jina la Scania, lori la mizigo. Habari zake kwa kawaida husimuliwa kama habari za dawa: ipi ilishindwa, ipi ilifaulu, nani aliipata na kwa bei gani. Msimamo wa makala haya ni kwamba simulizi hiyo imeanzia katikati. Mambo makubwa tuliyohitaji kuyajua juu ya dumuzi, kuanzia dawa itakayomwua hadi mahali atakapojificha na adui atakayemfuata tunduni, yalikuwa yanasomeka kwenye mwili wake na kwenye ukoo wake kabla hajatia mguu Tabora. Hasara yetu ilitokana na mdudu, lakini kwa sehemu kubwa ilitokana pia na kuchelewa kusoma.

Tuanze na kufika kwake. Dumuzi, ambaye wataalamu humwita Prostephanus truncatus, ni mwenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati. Barani Afrika alitambuliwa kwa mara ya kwanza mkoani Tabora, na taarifa ya Dunstan na Magazini iliyochapishwa mwaka 1981 katika jarida la FAO la kinga ya mimea ndiyo iliyompa hati ya kuingilia. Inaaminika kwamba alikuwa amefika miaka kadhaa nyuma, mwishoni mwa miaka ya 1970, ndani ya mahindi yaliyotoka ng'ambo. Hakuna aliyemwona akishuka, lakini mazingira ya wakati ule yanaipa nguvu dhana hiyo. Baada ya ukame wa 1973 hadi 1975 nchi iliagiza nafaka nyingi kutoka nje. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na Shirika la Usagishaji la Taifa likabaki kuwa mnunuzi na msambazaji mkuu. Na reli ya kati ilikuwa tayari inaifikisha Tabora shehena yoyote iliyoteremshwa Dar es Salaam. Kutoka Tabora, tawi lililofika Mwanza mwaka 1928 linapita Isaka, na Isaka ndiko barabara ya Rwanda na Burundi inakochukua mzigo wa reli. Mdudu asiyeweza kuruka kutoka bara hadi bara alihitaji mtandao wa namna hiyo, naye aliutumia ipasavyo. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya. Mwaka 1984 alikuwa Burundi, na mwaka huohuo akajitokeza Togo, upande wa pili wa bara, kwa safari nyingine kabisa. Vipimo vilivyofanyika maghalani mwa wakulima wa Tabora miaka ya mwanzo viliripoti upotevu wa uzito wa hadi asilimia 34 ndani ya miezi michache ya kuhifadhi, mahali ambapo fukusi na wenzake walizoea kula asilimia chache kwa msimu mzima.

Sasa tumtazame kama anavyotazamwa chini ya lenzi. Ni mbawakawa wa milimita 3 hadi 4, mwili kama kipande cha mcheduara, kichwa kimeinamia chini ya ngao ya kifua kiasi kwamba ukimwangalia kutoka juu hukioni. Ana ndugu wawili wanaofanana naye mno: Rhyzopertha dominica, mdogo kwa kimo, ambaye amekuwa kwenye nafaka zetu kwa muda mrefu, na wale wa jenasi ya Dinoderus, wanaotoboa mianzi na hupatikana pia kwenye makopa. Kinachomtenga dumuzi ni sehemu ya nyuma: mabawa magumu yanakatika ghafla, kama gogo lililopigwa msumeno, na kingo zake zimesimama. Tofauti ni ndogo kiasi hicho. Daktari mmoja wa Philadelphia, George Horn, alipomwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1878 alimweka katika jenasi ileile ya Dinoderus, na ni baadaye ambapo Pierre Lesne wa Paris alimhamishia kwenye jenasi yake ya sasa. Ikiwa wabobezi waliokuwa na sampuli mezani walimhamisha nyumba, haishangazi kwamba mdudu alikula mahindi ya Tabora kwa misimu kadhaa bila mtu kumtaja kwa jina lake.

Hapa panazuka pingamizi la kwanza, na ni pingamizi zito: mkulima hana haja na Kilatini. Wakulima ndio waliogundua kwamba huyu si fukusi. Waliuona unga mwingi kuliko punje, waliona mashimo yakipita hadi kwenye gunzi, wakampa majina yao na kupiga kelele kabla ya mtaalamu yeyote kuandika sentensi. Hayo ni kweli, na ushahidi wa mwanzo kabisa katika kesi hii ni wa kwao. Lakini kujua kwamba mdudu ni mgeni ni tofauti na kujua ametoka wapi na ni wa ukoo gani. Maarifa ya kwanza yanatoa tahadhari, ya pili yanatoa utabiri. Chukua suala la dawa. Unga uliozoeleka kwa fukusi ulikuwa wa jamii ya dawa za fosforasi, na dumuzi aliuvumilia. Ukoo wake, Bostrichidae, ulishajulikana kwa tabia hiyo kupitia Rhyzopertha: huvumilia dawa za fosforasi, hufa haraka kwa dawa za jamii ya pareto. Majaribio yaliyofanyika Tanzania katika miaka ya 1980 yakatoa jibu lilelile ambalo ukoo ungelitabiri: permethrin kwa ajili ya dumuzi, pirimiphos-methyl kwa ajili ya fukusi, zote mbili katika unga mmoja ambao mabwana shamba waliuhubiri kijiji hadi kijiji, pamoja na sharti la kupukuchua kwanza ili dawa iifikie kila punje. Desturi ya kuhifadhi mahindi na maganda yake ikavunjwa kwa sababu ya uainishaji, hata kama hakuna aliyeliita jambo hilo hivyo.

Utabiri wa pili ulikuwa mchungu zaidi. Bostrichidae ni watoboaji wa miti. Nafaka kwao ni chakula cha kubahatika. Makazi ya asili ni tawi kavu. Mtu aliyelizingatia hilo mwaka 1981 angelijua kwamba kufagia ghala na kuchoma mabaki, ingawa ni lazima, hakutamaliza tatizo, maana mdudu atakwenda porini na kurudi. Tafiti zilizofanyika baadaye nchini Kenya zilimkuta kweli akizaliana ndani ya miti ya nyika, ikiwamo ya jamii ya Commiphora, mbali na shamba lolote la mahindi. Shinyanga ni nchi ya miti ya namna hiyo. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulipoanza mwaka 1986 na kuwahimiza watu kurudisha ngitili zao, yaani malisho yaliyotengwa, uliirudishia ardhi majani, kuni na asali. Hakuna mwenye akili atakayejutia hilo kwa ajili ya mdudu. Ila ni haki kusema kwamba kwa dumuzi kichaka na kihenge ni vyumba viwili vya nyumba moja, na dawa ya unga huingia chumba kimoja tu.

Ndipo tunapomfikia mhusika wa pili, mdogo kuliko dumuzi, mweusi wa kuelekea hudhurungi, urefu wake milimita 2 na ushee. Ni wa familia ya Histeridae, ambayo Waingereza huiita ya mbawakawa wachekeshaji, familia yenye zaidi ya spishi 4,000 duniani. Namna ya kuwatambua wanafamilia haina utata sana: mwili mgumu unaong'aa, mabawa magumu mafupi yanayoziacha wazi pingili mbili za mwisho za tumbo, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko na kuishia na kirungu, na miguu inayokunjika ndani ya vijifereji mdudu anapojifanya amekufa. Kuwatenga wao kwa wao ndiko kunakotoa jasho. Wengi ni bapa na duara, wanaishi kwenye samadi na mizoga wakiwinda mabuu ya nzi. Mmoja wao, Carcinops pumilio, amezagaa duniani kote kwenye mabanda ya kuku na kwenye takataka za maghala, na kwa kimo anakaribiana na huyu tunayemzungumzia. Lakini kuna kundi lililoacha ubapa. Wilhelm Erichson wa Berlin aliliundia jenasi ya Teretrius mwaka 1834, na Heinrich Bickhardt, Mjerumani mwingine, akalipanga pamoja na jamaa zake katika kazi yake kubwa juu ya familia hiyo iliyotoka mwaka 1916 na 1917, miaka ileile ambayo Wajerumani walikuwa wanaipoteza Tabora kwa majeshi ya Wabelgiji. Wadudu wa kundi hili ni mcheduara. Wamekuwa na umbo la risasi kwa sababu wanaishi ndani ya matundu ya risasi: wanaingia kwenye njia zilizochimbwa na watoboaji wa miti, hasa Bostrichidae, na kuwala humohumo mayai na mabuu yao.

Umbo, kwa hiyo, lilikuwa hati. Mtu aliyejua kusoma angeweza kumshika mdudu wa namna hii, hata aliyekufa na kuchomwa pini, na kusema anaishi wapi na anakula nini. Na hapa historia inatoa kituko chake. Huyohuyo George Horn aliyemwelezea dumuzi mwaka 1878 ndiye aliyekuwa ameiunda, miaka mitano nyuma, jenasi ya Teretriosoma katika familia ya Histeridae. Mwindaji na windo walipita kwenye mikono ya mtu mmoja, kila mmoja kwa kikaratasi chake. Kisha mwaka 1891 George Lewis, Mwingereza aliyekuwa mfanyabiashara wa chai huko Japani na China kabla ya kuzama katika wadudu, aliielezea spishi ya Amerika aliyoiita Teretriosoma nigrescens. Maelezo yalikuwa ya kawaida ya wakati ule: rangi, vitundu vya ngozi, mikunjo, meno ya miguu. Mkusanyiko wa Lewis uliishia Makumbusho ya Uingereza jijini London, na mdudu akalala kabatini kwa zaidi ya miaka 90. Baadaye wataalamu walimhamishia kwenye jenasi ya Teretrius, na ndiyo maana maandiko ya miaka ya 1990 na ya leo yanamwita kwa majina mawili tofauti. Ni mdudu mmoja.

Aliyemwamsha alikuwa dumuzi wa Tabora. Balaa lilipotangazwa Afrika, watafiti walirudi kwenye nchi ya asili ya mdudu kuuliza ni kitu gani kinachomdhibiti kule. Nchini Meksiko na Amerika ya Kati walimkuta nigrescens ndani ya mahindi yaliyoshambuliwa, na mwaka 1985 mtafiti Rees alichapisha maisha yake pamoja na uwezo wake wa kupunguza vizazi vya dumuzi. Jambo moja lilimfanya awe wa thamani ya pekee. Dume la dumuzi likipata chakula kizuri hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Wanakemia walizitambua sehemu mbili za harufu hiyo na kuzitumia kwenye mitego. Mitego hiyo ilimnasa nigrescens pia. Ananusa mwito wa windo lake na kuufuata, iwe ghalani au porini, kwa hiyo ndiye pekee kati ya silaha zetu anayeingia chumba cha pili cha ile nyumba. Baada ya majaribio ya kuhakikisha hatageukia viumbe wengine, aliachiwa Togo Januari 1991, Kenya na Benin mwaka 1992, kisha nchi nyingine, Tanzania ikiwamo.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni juhudi za kupeleka mdudu amle mdudu, na uainishaji ulikuwa karani tu wa kuandika lebo. Kesi ya kidung'ata cha muhogo inalijibu dai hilo, nayo iliendelea miaka ileile. Mdudu huyo wa unga mweupe, aliyepewa jina la Phenacoccus manihoti mwaka 1977, aliteketeza mihogo ya Kongo na Afrika Magharibi, na watafiti wakaenda Amerika ya Kusini kumtafutia adui. Kaskazini mwa bara hilo walimpata mdudu waliyedhani ni huyohuyo. Maadui zake walipojaribiwa hawakumgusa yule wa Afrika, kwa sababu ilikuwa spishi nyingine, iliyotengwa rasmi kwa jina la Phenacoccus herreni mwaka 1981. Mwaka huohuo wa kweli akapatikana Paraguay, akiwa na nyigu wake mdogo, na nyigu yule ndiye aliyeokoa muhogo wa sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania nayo ikinufaika baada ya mdudu kuingia mwaka 1987. Tofauti ndogo zisizoonekana kwa macho ziliamua iwapo fedha na miaka vitazaa kitu au vitapotea. Karani wa namna hiyo ni hakimu.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la matokeo. Nigrescens hakummaliza dumuzi. Kwenye ukanda wa pwani wenye joto na unyevu wa Togo na Benin, idadi ya dumuzi kwenye mitego ilishuka sana baada ya yeye kuenea. Kwingineko matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka, na hata pale alipofaulu, mkulima mwenye gunia lililokwisha kushambuliwa hakuokolewa naye. Hilo halina budi kukubaliwa bila kupindisha. Dumuzi huzaliana haraka kuliko mwindaji wake, na gunia moja haliwezi kusubiri hesabu za porini zijipange. Lakini angalia kosa liko wapi. Aliyeahidiwa kuwa dawa ya ghala aliahidiwa kimakosa. Kazi yake ni kupunguza idadi ya wanaotoka porini kila msimu, na mafanikio ya kazi hiyo hayaonekani na mwenye kihenge hata yanapokuwepo. Zaidi ya hapo, tafiti za vinasaba zilizofanyika miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba ndani ya jina nigrescens mna zaidi ya nasaba moja, kutegemea eneo la Meksiko na Amerika ya Kati alikotoka. Wale walioletwa Afrika walitoka sehemu chache tu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kuuendeleza uainishaji, maana huenda mdudu anayezifaa nyika kavu kama za Kahama na Nzega hajaletwa bado kwa kuwa aliandikwa jina moja na yule aliyefaa pwani ya Benin.

Wapo pia watakaosema kwamba mjadala umepitwa na wakati, kwa kuwa mifuko ya PICS isiyopitisha hewa inaua fukusi na dumuzi bila dawa wala mwindaji. Mifuko hiyo ni neema, na bei yake ikiwa nafuu itastahili kuwa ya kwanza katika kila kaya. Haitamfikia dumuzi aliye kwenye tawi kavu, wala haitafunika makopa na michembe yote ya nchi, wala haitamzuia mdudu mwingine asiyejulikana bado. Isitoshe, hata kujua kama nigrescens ameshika makazi mahali fulani kunamtaka mtu amtambue mtegoni: Afrika ina spishi zake za Teretrius zinazoishi kwenye matundu ya watoboaji wa asili, na asiyezitofautisha na mgeni atahesabu wenyeji na kutangaza ushindi ambao haupo, au kinyume chake.

Isaka ya leo ina mizigo mingi kuliko ile ya 1981. Bandari yake kavu inahudumia Rwanda na Burundi. Chakula cha msaada cha miaka ya 1990 kwa nchi za Maziwa Makuu kilipita hapo. Reli ya kisasa inajengwa kuelekea Mwanza. Na mahindi na mchele wa Kahama vinakwenda kulisha miji ya dhahabu hadi Geita. Kiwavijeshi vamizi, mgeni mwingine wa kutoka Amerika, alikuwa tayari kwenye mahindi yetu mwaka 2017, mwaka mmoja tu baada ya kuripotiwa Afrika Magharibi, na atakayefuata hatabisha hodi. Kila penye mizani ya kupimia nafaka katika njia hiyo, Wizara ya Kilimo na halmashauri ziweke pia lenzi, sanduku la sampuli zilizoandikwa majina, na mtu aliyefundishwa kuzisoma, tena aajiriwe kwa kazi hiyo, asipewe kama nyongeza juu ya kazi nyingine tano.